Siku Sembène Alipomweka Rouch Kitako

Mwaka 1965 watu wawili wa sinema walikaa kuzungumza, na mkosoaji wa filamu Albert Cervoni akayahifadhi maneno yao. Mmoja alikuwa Jean Rouch, Mfaransa ambaye filamu zake zilikuwa zimeshawaudhi wakoloni, maprofesa na Waafrika, wakati mwingine wote kwa filamu moja. Wa pili alikuwa Ousmane Sembène wa Senegali. Katikati ya mazungumzo Sembène alimpasulia: ninyi wataalamu wa Afrika mnatutazama kana kwamba sisi ni wadudu.

Neno hilo la wadudu limenukuliwa mpaka limechakaa. Soma chochote kuhusu sinema ya Afrika, utakutana nalo, na kila mara huletwa kama pigo la mwisho, Rouch kalala chali. Nimeyasoma mazungumzo yale zaidi ya mara moja na sijamwona aliyelala chali. Ninachokiona ni mtu aliyekuwa amebanwa kabla ya hapo, kwa swali jingine ambalo halinukuliwi sana, kisha akatupiwa tusi, naye akalidaka kama mfa maji aliyetupiwa kamba.

Tuanze na wahusika, maana bila wao hili jambo litaonekana ni ugomvi wa Mzungu na Mwafrika tu.

Rouch alizaliwa Paris mwaka 1917 akasomea uhandisi wa ujenzi. Mwaka 1941 alikwenda Niger kusimamia barabara. Huko radi iliwaua vibarua 10 waliokuwa chini yake, na kijana mmoja wa jamii ya wavuvi wa Kisorko, Damouré Zika, akamwambia kwamba bibi yake ndiye anayejua la kufanya. Bibi akaja, ngoma ikapigwa, pepo wakapanda. Mhandisi akaduwaa. Kuanzia hapo barabara zikawa kisingizio tu, na Damouré akawa rafiki na mwenzi wake wa kazi maisha yake yote. Nalitaja hili kwa sababu Rouch hakuwa mtalii wa wiki mbili. Alizeeka akirudi Niger, akafia Niger kwa ajali ya gari mwaka 2004, na kaburi lake liko Niamey.

Filamu iliyompa jina, jina zuri na baya kwa pamoja, ni Les Maîtres fous, yaani mabwana wenye wazimu. Aliipiga mwaka 1954 karibu na Accra, kabla Ghana haijapata uhuru, miongoni mwa vibarua waliohamia huko kutoka Niger. Watu hawa walikuwa wa kundi la Hauka, na pepo waliowapanda hawakuwa mizimu ya mababu. Walikuwa pepo wa kikoloni: gavana, jenerali, dereva wa treni. Wanatoka mapovu mdomoni, wanatembea kijeshi wamekakamaa, wanajiunguza kwa mienge kuonyesha kwamba hawahisi, wanachinja mbwa na kumla. Kisha kuna lile yai. Mtu mmoja analipasua juu ya kichwa cha sanamu ya mbao ya gavana, ute na kiini vinachuruzika, na Rouch anakata ghafla kutupeleka kwenye gwaride halisi la Waingereza, ambako gavana halisi kasimama na kofia yenye manyoya ya ndege yanayoning'inia vivyo hivyo. Picha mbili, sekunde chache, na himaya nzima imekuwa kichekesho.

Wenyewe wa Hauka ndio waliomwomba awapige picha. Ila filamu ilipoonyeshwa Paris, kwenye jumba la makumbusho la Musée de l'Homme, ukumbi ulichafuka. Marcel Griaule, profesa aliyemfundisha Rouch, alitaka filamu iharibiwe. Waafrika waliokuwapo nao walichukia, kwa sababu yao: waliona Mzungu kawaletea Wazungu wenzake ushahidi mpya kwamba mtu mweusi ni mnyama. Waingereza nao wakaipiga marufuku, maana gavana wao kadhihakiwa. Mwaka 1957 ikapewa tuzo Venice. Si kila mwongozaji anaweza kukusanya maadui wa namna hiyo kwa filamu isiyofika hata nusu saa barabara.

Huyo ndiye mtu aliyekaa mbele ya Sembène.

Sembène naye hakuwa mkosoaji wa kulipwa, lakini siku ile kazi ya ukosoaji aliifanya kuliko wengi wanaoishi kwayo. Mzaliwa wa Ziguinchor, 1923. Alikuwa askari wa jeshi la Ufaransa katika vita kuu ya pili, kisha kuli wa bandari Marseille, akaandika riwaya yake ya kwanza kutokana na kazi hiyo ya kupakua meli. Alipogundua kwamba watu anaotaka kuwafikia hawasomi vitabu vyake, akaenda Moscow kujifunza filamu akiwa anakaribia miaka 40. Mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu fupi ya mtu wa mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Kufikia 1965 alikuwa na kazi chache sana mkononi. Rouch alikuwa na miongo miwili ya kazi.

Na kulikuwa na sababu ya tofauti hiyo, si uvivu wa mtu. Tangu mwaka 1934, kwa amri iliyobeba jina la waziri Laval, hakuna aliyeruhusiwa kupiga filamu katika makoloni ya Ufaransa barani Afrika bila kibali cha serikali ya koloni. Paulin Vieyra na wenzake, Waafrika waliosomea sinema Paris, walipotaka kutengeneza filamu yao mwaka 1955 waliipigia hapohapo Paris, kando ya mto Seine. Mwaka mmoja kabla yake Rouch alikuwa Accra na kamera yake. Kwa hiyo Sembène alipofungua mdomo, hakuwa anauliza kwa niaba ya mtu aliyeshindwa mbio. Alikuwa anauliza kwa niaba ya watu waliofungiwa nje ya uwanja.

Sasa mazungumzo yenyewe. Kitu cha kwanza cha kuzingatia ni kwamba Sembène hakuja kuponda. Alitoa sifa pia. Alisema Moi, un Noir, filamu ya Rouch ya mwaka 1958 kuhusu vijana wa Kinigeri wanaohangaika na vibarua mtaa wa Treichville mjini Abidjan, ni moja ya filamu chache za maana kuhusu Afrika. Kimsingi Mwafrika angeweza kuitengeneza, akaongeza, ila wakati ule hakuna kati yetu aliyekuwa na uwezo wa kuifanya. Sifa ya namna hii ina uzito wake. Aliyekusifu kwa haki, ukibishana naye huwezi tena kujificha nyuma ya dai kwamba anakuonea.

Swali lake la kwanza la wazi lilikuwa hili: Waafrika wakishakuwa wengi katika sinema, ninyi mtaendelea kuja kupiga filamu huku?

Rouch alijibu kwamba itategemea mambo mengi, lakini yeye ana faida na hasara kwa pamoja: ana jicho la mgeni. Mgeni huona yale ambayo mwenyeji, kwa mazoea, hayaoni tena. Ni jibu zuri. Wahenga wetu walilisema kwa ufupi zaidi waliposema mgeni njoo mwenyeji apone. Tatizo ni kwamba ni jibu la mtu aliyekwisha kulitoa mara nyingi.

Sembène hakulipokea. Unasema kuona, akamwambia. Katika sinema kuona hakutoshi, lazima kuchambua. Mimi nataka kujua kilicho kabla na kilicho baada ya kile tunachokiona. Haitoshi kusema huyu mtu anatembea. Tujue anatoka wapi na anakwenda wapi.

Hapo ndipo mahali penyewe. Ukiyasoma polepole utaona jinsi Rouch alivyofanya: alikubali. Alisema una haki katika hilo, hatujafika bado. Halafu, bila kuvuta pumzi, akahamia kwingine. Akasema hata Ufaransa ingefaa ichunguzwe na watu wa nje, na ndoto yake ni kuona Waafrika wakipiga filamu kuhusu utamaduni wa Wafaransa. Tena, kina Vieyra wamekwisha kuanza. Ni mambo ya kufurahisha, na nina hakika aliyaamini. Lakini hayakuwa jibu. Aliulizwa kuhusu mtu anayetembea kwenye filamu zake, akajibu kuhusu filamu za wengine ambazo bado hazijatengenezwa.

Na hakuna aliyemrudisha. Yangekuwa mahojiano ya leo, pale ndipo mwulizaji angepaswa kunyamaza kidogo, kisha aseme: sawa, lakini turudi kwa yule mtu.

Baadaye Rouch mwenyewe ndiye aliyeuliza: kwa nini hupendi filamu zangu zile za mila tupu? Ajabu, lile tusi maarufu lilikuwa jibu la swali la Rouch. Sembène akasema: kwa sababu mnaonyesha hali na kuigandisha bila kuona mabadiliko yake, na lawama yangu kwenu wataalamu wa Afrika ni kwamba mnatutazama kama wadudu.

Angalia kuna mambo mawili mle. La kwanza ni shtaka: mnaigandisha hali. La pili ni tusi. Rouch akachukua la pili. Mdudu? Akamleta Fabre, yule Mfaransa aliyetumia maisha yake akichungulia wadudu bustanini. Akasema pengine kuna kina Fabre ambao, wakiwatazama sisimizi, huona utamaduni wenye maana sawa na wao wenyewe. Ni mzaha wa mtu mwerevu, na unacheka kabla hujajua umechezwa. Shtaka la kugandisha likabaki limekaa palepale mezani, halijaguswa. Sembène akakumbusha kwamba filamu hizo zimetudhuru mara nyingi, Rouch akakiri kwamba kazi mbaya ni nyingi, kisha akajitetea kwa hoja ya dharura: wazee wanakufa, mila zinapotea, lazima mtu azikusanye kabla hazijaisha. Hapo mjadala ukawa tayari ni ule wa siku zote.

Kwa hiyo naona Sembène alikosea? Kidogo, ndiyo. Si kwa kusema uongo. Tusi lilikuwa kweli, na wengi waliokuwa kimya kwa miaka walilihitaji mtu alitamke. Lakini maneno makali yana bei yake kwa anayeuliza. Unapomchoma mtu hodari wa maneno, unampa nafasi ya kuonyesha uhodari wake. Swali la anatoka wapi lilikuwa halimpi nafasi hiyo. Lilikuwa swali la fundi kwa fundi.

Na kweli lilikuwa la kifundi kuliko linavyoonekana. Kamera ambayo Rouch alipigia Moi, un Noir ilikuwa Bell & Howell ya milimita 16, ya kutia ufunguo kama saa ya ukutani. Ukishaikaza, inakimbia sekunde kama 25, basi. Inasimama, unakaza tena. Sauti hairekodi pamoja na picha. Hebu fikiria mtu anavuka barabara ya Treichville na gunia begani: kwa sekunde 25 utampata katikati ya barabara. Nyumba aliyotoka iko nje ya picha, bandari anayokwenda nayo iko nje. Sisemi kwamba Rouch angesingizia mashine, na hakuisingizia. Nasema tu kwamba Sembène aliweka kidole mahali ambapo chombo chenyewe kilikuwa kifupi, na ambapo mwongozaji alitakiwa kufanya kazi ya kichwa kujaza kile ambacho kamera haiwezi.

Yeye Sembène aliijaza. Borom Sarret ni ya dakika 20 hivi, na imejengwa juu ya swali lilelile. Asubuhi tunamwona mtu wa mkokoteni akiagana na mkewe. Tunajua nyumbani hakuna chakula. Siku nzima anabeba watu, wengine hawamlipi. Mteja mwenye suti anamtaka ampeleke Plateau, mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni hairuhusiwi. Polisi anamsimamisha, medali yake ya uaskari inaanguka, buti la polisi linaikanyaga. Mkokoteni unachukuliwa. Anarudi nyumbani anamkokota farasi, na mkewe anamwachia mtoto, anatoka, akiahidi kwamba usiku huu watakula. Anakwenda wapi? Filamu inaishia hapo, na wewe mtazamaji unajua au unaogopa kujua.

Ila nilipojaribu kulichukua swali la Sembène nikalipima kwenye filamu za Rouch moja baada ya nyingine, nilikwama mahali ambapo sikutegemea. Nilikwama kwenye Les Maîtres fous.

Maana filamu ile, ile iliyochukiwa kuliko zote, inajibu. Inaanza na vibarua hao wakihangaika mjini Accra, bandarini na mitaani: wanatoka wapi. Inaishia kesho yake, wamerudi kazini, wametulia, wanatabasamu wakichimba mtaro mbele ya hospitali ya wagonjwa wa akili. Kabla iko, na baada iko. Rouch hata anapendekeza maana ya yote: pengine watu hawa wamepata dawa ya kutowapanda wazimu wa ukoloni. Basi kwa nini filamu hiyo bado inatukaa vibaya?

Jibu langu ni sauti. Katika Les Maîtres fous, anayezungumza ni Rouch, tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wa Hauka wananguruma, wanapayuka, na sauti ya Mfaransa aliyesoma inatueleza kwamba huyu ni jenerali na yule ni gavana. Anatuambia wanatoka wapi, anatuambia wanakwenda wapi, na wao hawaulizwi. Kwenye Moi, un Noir alifanya tofauti. Kwa kuwa kamera haikurekodi sauti, alimchukua Oumarou Ganda, kibarua wa bandari aliyekuwa askari wa Ufaransa kule Indochina, akamwingiza studio ya redio mjini Abidjan na kumwonyesha picha zake mwenyewe, akamwacha aseme chochote kinachomjia. Ganda, aliyejipa jina la mwigizaji wa Marekani Edward G. Robinson, anajitania, analalamika, anaota ndoto za ndondi, anamtamani msichana. Kuna pahala anatembea kando ya wangwa na rafiki yake akimsimulia vita, na ghafla anajitupa chini, anarusha bomu la mkono lisilokuwapo, ardhi ya Abidjan imegeuka Indochina. Rouch anazungumza pia, ndiye anayetufungulia mlango wa filamu, lakini si peke yake.

Ndiyo maana, nadhani, Sembène aliipenda hii na kuzikataa zile. Alisema ni suala la kabla na baada. Kwa vipimo vyake mwenyewe ilikuwa pia suala la nani anasimulia, ila siku ile hakulitamka hivyo.

Kuhusu ile ndoto ya Waafrika kuwapiga picha Wafaransa, Rouch aliifanyia kazi mwenyewe, na hapa namvulia kofia. Miaka michache baadaye alitoa Petit à petit. Damouré, rafiki wa tangu enzi za radi, anakwenda Paris kuchunguza namna watu wanavyoishi kwenye nyumba za ghorofa. Yuko uwanja wa Trocadéro na vifaa vya kupimia, anawasimamisha wapita njia. Anamwambia mtu: samahani, mimi ni mtafiti. Anambana kichwa kwa bikari kubwa, anasoma kipimo. Anamfungua mwingine mdomo na kuangalia meno. Wale Waparisi wamesimama na nyuso za watu wasiojua wakasirike au wacheke. Na Musée de l'Homme, jumba lile ambamo Griaule alitaka filamu iharibiwe, liko papo hapo Trocadéro. Sijui jibu lolote kwa neno la wadudu lililo zuri kuliko hilo. Lakini linabaki jibu kwa wadudu.

Jibu la swali lile jingine lilitoka kwingine kabisa. Katika mazungumzo ya 1965 Sembène alisema jambo moja zaidi kuhusu Moi, un Noir, linalopitwa haraka: kwamba filamu ile inahitaji mwendelezo. Kijana aliyerudi kutoka Indochina, hana kazi. Uhuru umekuja, sasa amekuwa nani? Mwaka 1968 Oumarou Ganda alitengeneza filamu yake mwenyewe, Cabascabo, kuhusu askari anayerudi Niger kutoka Indochina, akapokewa kwa shangwe, akatumia pesa na marafiki mpaka pesa zikaisha na marafiki nao wakaisha. Hakutafuta mtu wa kumwigizia. Askari huyo, anayerudi kwao, ni Ganda.